Plau Iliyokataa Kuzama

Kila asubuhi mama mdogo Chantal alifanya mambo yaleyale kwa utaratibu uleule. Aliwasha moto, akatenga maji ya chai, kisha akamwaga maharage kwenye ungo na kuyachagua huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mabovu aliwatupia kuku. Mazuri yaliingia sufuriani. Yale mazuri kuliko yote, yenye ngozi inayong'aa, aliyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga kuwa mbegu. Mimi, kila nikiwa likizo kutoka chuoni, nilikaa karibu naye nikimsaidia, na hatukuwa na haja ya kuzungumza. Ng'ambo ya kilima trekta ya kikundi chetu cha wakulima ilikuwa ikinguruma, na mama mdogo aliimba kwa kuufuata mngurumo ule.

Asubuhi moja mngurumo ulikatika. Mara tukasikia mwanamke akipiga yowe. Ungo ulimtoka mama mdogo mikononi na maharage yote, mabovu kwa mazuri, yakatawanyika kwenye majivu.

Ndugu zangu mlioko Nakivale, na ninyi mlioko makambi mengine, ninawaandikia kwa sababu kusema mbele za watu kunanishinda. Hata darasani Mbarara, nilikosomea zana za kilimo, sikuwahi kunyoosha mkono. Lakini jambo hili likinyamaziwa litarudi kwa kikundi kingine, na nyumba nyingine italia kama yetu ilivyolia mwaka ule wa 2013. Naitwa Eliane. Baba yangu alifariki tukiwa bado Kivu ya Kusini, na aliyenilea hapa ni mdogo wake, baba mdogo Byamungu, mume wa mama mdogo Chantal. Alikuwa shemasi wa kanisa letu. Alikuwa pia dereva wa trekta ya kikundi.

Trekta ile tuliinunua kwa mfugaji mmoja aliyekuwa ameichoka, pamoja na plau yake ya zamani. Watu waliuza mbuzi, wengine vitenge vyao vya harusi. Ilipofika, mchungaji aliipaka mafuta na kuiombea, kisha tukamwekea Byamungu mikono kichwani kama mtu anayepewa kazi ya kanisa. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeigusa plau. Kuishika na kuikagua kungekuwa kama kuuliza kama maombi yetu yalisikika. Hilo ndilo kosa letu, nasi tulilifanya kwa moyo safi kabisa.

Tulikuwa pia na desturi moja nzuri. Kila msimu, kabla ya shamba la mwanachama yeyote, trekta ililima kwanza shamba la familia iliyotoka karibuni Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi wapya, na kupewa kiwanja. Tuliliita shamba la mgeni. Mwaka ule mgeni alikuwa Mukandoli na mumewe Semahoro. Walikuwa wafugaji kutoka milima ya juu, watu waliozoea fimbo kuliko jembe. Shamba lile lilikuwa tegemeo lao lote. Lisipolimwa kabla mvua ya Septemba haijakolea, wangekaa na njaa hadi mwaka mwingine.

Basi, tulikimbia kuvuka kilima. Tulimkuta Semahoro amelala chini, mguu wake wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Mukandoli alikuwa amemshika kichwa. Baba mdogo alisimama kando ya trekta na kofia mkononi.

"Nilisema musikalishe mutu juu ya plau!" Mama Miriamu, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa akifoka. "Mutu si jiwe!"

"Mama, plau imekataa kuingia," alisema baba mdogo. "Tuliweka majiwe, ikakataa. Tukaweka magogo, ikakataa. Semahoro mwenyewe alisema acha nikae juu, mimi niko muzito. Gurudumu ikapanda jiwe, akaanguka."

"Imekataa kwa nini? Kwa shamba ya Adolphe, musimu ulipita, haikuingia?"

"Iliingia kidogo. Hii fasi, hapa tunasimama, ng'ombe mingi walipita zamani. Udongo umeshikana kama simenti." Akashusha sauti. "Ao kuko neno lingine, mimi sijue. Tuombe tu."

Neno lingine. Halikuhitaji miguu ili kusambaa. Kabla hatujapata gari la kumpeleka majeruhi hospitali, wanawake kisimani walikuwa tayari wakinong'ona kwamba shamba la Mukandoli limefungwa kwa laana, kwamba watu wale wametoka na kitu huko milimani. Mukandoli aliyasikia. Sitausahau uso wake alipomgeukia Mama Miriamu. Hakukasirika.

"Sisi ni batu ba ng'ombe," alisema. "Bya shamba hatubijue. Labda ni kweli, kosa iko kwetu."

Kikundi kikatangaza kufunga na kuomba.

Nilimsindikiza Semahoro hadi Mbarara kwa sababu niliujua mji. Alipokwisha kufungwa mguu, alilala akitazama dari, na mimi nikakaa pembeni. Ni yeye aliyeanza kuzungumza.

"Binti, wewe umesoma mambo ya mashine. Nieleze kitu. Mimi nilikaa juu ya ile plau, naangalia chini. Iliteleza kama sahani juu ya meza. Udongo unapita, haufunguki. Mashine ya kulima inaweza kuogopa udongo?"

"Hapana, Baba. Mashine haiogopi."

"Basi inatuogopa sisi," akasema, akacheka, halafu kicheko kikamuumiza.

Nililala kwenye chumba changu cha kupanga kule Kamukuzi, mtaa wa Mbarara, na swali lake likalala nami. Plau inazama kwa sababu mbili ambazo hata mtoto anaweza kuzielewa. Ya kwanza ni ncha, vile vipande vya chuma vinavyoutangulia mwili wa plau. Ncha nzima imeinama kidogo chini kama mdomo wa kuku anayedonoa, na ukiivuta inajivuta yenyewe ndani ya udongo. Ikilika ikawa butu, inapanda juu. Ya pili ni mkono wa juu, ile fimbo yenye nyuzi za skrubu inayoishika plau nyuma ya trekta. Ukiuzungusha ukawa mfupi, plau inainamisha pua. Ukiurefusha, inainua pua na kuteleza. Uzito wa mtu hauna kazi hapo. Lakini nilijiambia kwamba baba mdogo anajua hayo yote, yeye ndiye aliyenionyesha spana kwa mara ya kwanza, na ncha mpya kikundi kilikwisha kununua msimu uliotangulia. Lazima alikuwa amejaribu kila kitu.

Nilirudi kesho yake kwa teksi. Kabla ya kuingia eneo la kambi, barabara inapita kando ya ranchi. Abiria mmoja, mzee wa Kinyankole mwenye kikapu cha matoke, alinyoosha kidole dirishani.

"Ona tulakita ya wakimbizi," alimwambia dereva. "Inalima muzuri sana, ssebo. Mimi pia nataka ile mutu anilimie. Bamungu, Byamungu, jina lake namna hiyo. Mutu wa Mungu kabisa."

Nilimwomba dereva asimame.

Mbele yangu kulikuwa na malisho ya zamani, mahali ambapo ng'ombe walikanyaga miaka na miaka. Trekta yetu ilikuwa inapita pale, na nyuma yake udongo mweusi ulikuwa unafunguka na kulala ubavu, mzito, unang'aa kama umepakwa mafuta. Nilishuka kwenye mtaro mmoja. Ulinifika karibu na goti. Upepo uliniletea mluzi wa baba mdogo, na ulikuwa wimbo uleule wa mama mdogo wa kila asubuhi. Nyumbani wenzake walikuwa hawajala kitu tangu jana, wakimwomba Mungu aifungue ardhi.

Aliponiona alizima injini.

"Eliane! Semahoro iko namna gani?"

"Anaendelea, Baba."

"Mungu asifiwe."

Nilisikia vyuma vya injini vikitoa milio midogo ya kupoa.

"Plau inaingia, Baba," nikasema.

"Hapa udongo ni mulaini."

Samadi kavu ya ng'ombe ilikuwa imetapakaa kotekote chini ya miguu yangu.

"Ndiyo, Baba," nikasema, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na kwa kuwa aliyenilea hivyo ni yeye. Nikaenda nyumbani kwa miguu.

Alirudi na trekta jioni, akaiegesha pembeni mwa nyumba kama siku zote bila mtu kumuuliza ilikotoka, akaoga, akaenda kwenye maombi. Asubuhi, alipokuwa bado kanisani, nilipiga magoti nyuma ya plau. Ncha zilizofungwa pale zilikuwa butu, za mviringo kama vipande vya sabuni iliyotumika. Hizo hazikuwa zile tulizonunua. Nikazitazama boliti zake. Ndugu zangu, ncha iliyolika ikiwa mahali pake hushikana na boliti zake kwa kutu, hadi utumie nyundo. Boliti hizi hazikuwa na kutu hata chembe. Zilikuwa na grisi mpya, na pembe zake zilimeremeta kwa kufunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa.

Niliingia jikoni. Sijui kwa nini niliangalia nyuma ya rundo la kuni. Labda kwa sababu mama mdogo, tangu ajali, alikuwa hataki nimsaidie kuchukua kuni. Kulikuwa na gunia. Ndani yake mlikuwa na ncha zetu, kali, nzima, na udongo mweusi wa ranchi ukiwa bado mbichi kwenye mikunjo yake. Udongo wetu sisi ni mwekundu.

"Rudisha," alisema mama mdogo nyuma yangu. Alikuwa ameshika ungo mtupu.

"Mama, ulijua?"

"Mimi najua kupika. Bya trekta sijue."

"Mama."

Alikaa kwenye kigoda, na nikaona umri wake wote kwa mara moja. "Kule inje, kwa wenye ranchi, banapima mutaro na fimbo," alisema. "Kama haiingie, hawalipe. Huku kwetu hakuna mutu anapima. Batu banasema amina tu. Alisema ncha zitaisha mbio kama analimia wote na zile nzuri. Na mafuta ya kikundi, kama plau inakwaruza juu-juu, inabakisha mingi ya kulimia kule."

"Na Semahoro?"

"Alisema ni mara hii moja tu, halafu ataweka nzuri. Kila mara alisema hivyo." Akaniangalia. "Eliane, unafikiri chuo chako kililipwa na nini? Na maharage?"

Niliangalia mikono yangu, ambayo ilijua kusoma boliti kwa sababu ya boliti zilezile. Nilihisi kama mtu aliyekula chakula kitamu kisha akaambiwa kilitoka kwenye sufuria ya nani. Na baba mdogo nilimpenda bado. Hilo ndilo linalouma katika kusalitiwa: anayekufanyia hivyo huwa ni mtu unayemjua hata kwa kikohozi chake.

Nje tulisikia trekta ikiwaka. Maombi yalikwisha, na kikundi kilikuwa kinakwenda kujaribu tena.

Nilipofika shambani nimebeba gunia begani na spana mkononi, nilikuta jambo lililonitoa woga wote. Mukandoli alikuwa anapanda juu ya plau. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni na alishika chuma kwa mikono miwili.

"Mume wangu alikuwa mwepesi," aliwaambia watu, akijaribu kutabasamu. "Mimi nilizaa, niko muzito kumushinda."

Watu wengine walicheka kidogo kwa aibu. Baba mdogo alikuwa kwenye usukani. Alimwona yule mama akipanda. Alimwona, na hakusema shuka.

Nilipita katikati ya watu. Nilimshika Mukandoli mkono, nikamteremsha. Kisha nikapiga magoti mbele ya plau, kati yake na magurudumu ya trekta, mahali ambapo trekta isingeweza kuondoka wala kurudi bila kunikanyaga, nikamwaga gunia.

Zile ncha zilitoa sauti zilipogongana. Kila mtu aliisikia.

"Eliane," alisema baba mdogo. "Toka hapo."

Sikuinua macho. Niliweka spana kwenye boliti ya kwanza.

"Eliane! Binti haguse plau. Mama Miriamu, mwambie."

Mama Miriamu alikaribia, akainama, akaokota ncha moja, akaupangusa ule udongo mweusi kwa kidole gumba. Akakitazama kidole chake cheusi, kisha udongo mwekundu wa shambani.

"Mwache, Shemasi," alisema taratibu. "Binti amesoma. Wacha tuone alichosoma."

Boliti zilifunguka kwa urahisi mno. Nadhani urahisi ule uliwaambia watu zaidi ya maneno yoyote. Niliondoa ncha butu, nikafunga zile kali, kisha nikageukia mkono wa juu. Ulikuwa umerefushwa hadi nyuzi zake karibu ziishe. Niliuzungusha kuufupisha, mpaka pua ya plau ikainama. Hakuna jiwe, hakuna gogo, hakuna mtu juu yake. Nikajitoa pembeni na kumtazama baba mdogo kwa mara ya kwanza.

Angefanya nini? Watu wote walikuwa wanamwangalia. Akaweka gia.

Plau ilizama kabla trekta haijakwenda urefu wa kitanda. Magurudumu ya nyuma yaliuma ardhi, moshi ukapanda, na udongo mwekundu wa Mukandoli ukafunguka na kulala ubavu kama mwingine wowote. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mukandoli aliingia kwenye mtaro kwa miguu mitupu, akachota udongo kwa viganja viwili, akalia. Wale wanawake wa kisimani walitazama chini.

Alipofika mwisho wa shamba baba mdogo aliteremka, akajipangusa jasho. "Mashine ya zamani," alisema, bila kumwangalia mtu. "Leo inakataa, kesho inakubali."

Walimfungulia njia, akapita. Kesho yake aliondoka kwenda Mbarara, akisema anatafuta kazi, na hakurudi kwa muda mrefu.

Mnataka kujua nyumba yetu ilikuwaje baada ya hapo? Chai iliendelea kuchemka asubuhi, ila wimbo ulikwisha. Watu waliokuwa wakipita kuomba chumvi walipita njia nyingine. Watoto wa baba mdogo waliacha kwenda kwaya, kwa sababu wenzao waliwauliza ncha ziko wapi. Mimi nilirudi chuoni nikamaliza, lakini cheti nilikiweka sandukuni, kwa kuwa sikuweza kukitazama. Semahoro alirudi kwa mkongojo. Mguu haukukatwa, ila haukunyooka tena, na mfugaji asiyeweza kufuata ng'ombe hujua mwenyewe amepoteza nini. Kikundi kilikaribia kufa. Hata ncha zilipokuwa nzuri, watu walizipima kwa macho ya kushuku.

Jambo moja tu jema lilitokea upesi. Siku iliyofuata kulimwa, mama mdogo Chantal alichukua kopo lake la mbegu, yale maharage mazuri kuliko yote, akavuka kilima peke yake. Hakusema ni ya nini. Aliliweka mlangoni kwa Mukandoli, akageuka. Mukandoli alimwita kutoka nyuma, "Mama, njoo basi unionyeshe namna banapanda." Wakapanda pamoja hadi mvua ilipowakuta.

FUNZO

Wasomaji wangu, mafunzo ya kisa hiki nayasema wazi, yasije yakapotea.

Mtu tunayempenda na kumwombea bado ni mtu. Tusimpe mali ya wote kisha tukaona haya kuikagua. Kukagua si kumtukana. Kungemlinda baba mdogo na nafsi yake kabla hajazoea. Sasa kwenye kikundi chetu, kabla ya kulima, wanachama wawili wanaobadilishwa kila msimu huzitazama ncha na mkono wa juu mbele ya watu, na maombi hufuata baada ya hapo. Mungu hajachukia.

Tena, kitu kikikataa kufanya kazi, tutafute kwanza kwenye kitu chenyewe. Tusimtafute mgeni wa kumtwika laana. Mukandoli alikubali kosa lisilo lake kwa sababu alikuwa mgeni na alitaka kupendwa. Hilo ni deni letu sote, si la Byamungu peke yake.

Na wewe unayekula kwa kificho kwa ajili ya watoto wako, ukijiambia ni mara hii moja: watoto watakuja kujua walilishwa nini.

Bado kuna jambo moja. Baba mdogo alirudi mwaka uliofuata, siku ya kulima shamba la mgeni mpya. Alikuwa amekonda. Alisimama mbali, nyuma ya watu, na wengi tuliogopa angesema tena habari za mashine za zamani. Mama Miriamu alimwona.

"Karibia, Byamungu," alisema. Hakumwita Shemasi. "Mwaka jana plau ilikuwa na nini? Sisi tuliona kwa macho, lakini wewe haujatuambia."

Baba mdogo alitazama plau, akanitazama mimi, kisha akamtazama Semahoro aliyekuwa ameegemea mkongojo wake. Akavua kofia.

"Plau haikukataa hata siku moja," alisema. "Ni mimi nilikataa. Nilificha ncha nzuri, nikawalimia na mbaya, nikaacha museme shamba ya Mukandoli iko na laana. Semahoro, ndugu yangu, jiwe halikukuvunja. Ule muguu, ni mimi niliuvunja."